Miche ya Breki

Ukija kwetu ukaomba kuoga, utaambiwa kwanza usiguse dirisha, usirushe sabuni upande wa kushoto, na ukimaliza uache mlango wazi kidogo hewa ipite. Wageni hudhani bafuni kuna mgonjwa. Hakuna mgonjwa. Kuna miche ya okidi, mifupi kuliko kidole changu cha mwisho, na mwenye miche hiyo ni mume wangu, dereva mstaafu wa malori. Wenzake barabarani walimpachika jina la Breki, kwa kuwa alikuwa anapunguza mwendo kabla hata kona haijaonekana.

Mimi ni fundi cherehani na sina subira. Nasema mapema ili tusije tukalaumiana. Mteja akileta kitambaa asubuhi, jioni nataka aondoke na gauni lake, maana kitu kisichokwisha kinaniwasha mwili mzima. Sasa nipe mimi mmea unaotoa jani moja wakati mwanamke mwenzangu ameshabeba mimba, amejifungua na mtoto anakaa! Nilidhani tutashindwana.

Breki alistaafu kwa sababu ya moyo. Daktari alimwambia apunguze chumvi, apunguze mafuta, apunguze safari, na yeye akapunguza kila kitu mpaka na kesho yake. Nikimwambia twende akapime macho, maana gazeti analisoma kwa mkono ulionyooka mpaka mwisho, ananijibu, "Ya nini tena?" Nikitaka kumshonea shati la harusi ya mpwa wangu, anasema la zamani litamtosha kwa siku zilizobaki. Siku zilizobaki! Mwanamume wa miaka sitini na saba, anakula, anatembea, ananichokoza, halafu anaongea kama abiria aliyekwisha funga mizigo. Maneno yale yalinikata maini. Niliogopa, sitaki kuficha. Nilikuwa nikishona huku masikio yako chumba cha pili, nasikiliza anavyopumua.

Basi binti yetu kitindamimba, ambaye anafanya kazi kwenye maabara ya mimea, akaja Jumapili moja na chupa ya kioo. Ndani mlikuwa na kitu kizito kama jeli, na juu yake vijani vyembamba vimesongamana.

"Hizi ni okidi, baba," akasema. "Zikichanua, ua lake lina kikombe mbele kama ncha ya kiatu. Kazini walikuwa wanazigawa, nikakuletea."

"Zitachanua lini?" Breki akauliza.

"Zikitunzwa vizuri, miaka sita hivi."

Nilimkata jicho yule mtoto, nusura nimtoboe. Baba yako hataki hata shati, wewe unamletea ua la miaka sita! Nikajua sasa hivi atairudisha. Breki akaigeuza ile chupa kwenye mwanga, akaigeuza tena, akasema, "Hebu nionyeshe inavyofanywa."

Walifanyia kazi mezani kwangu, kati ya mikasi na nyuzi. Wakaitoa miche, wakaiosha ile jeli kwa maji ya uvuguvugu, mzizi kwa mzizi, kisha wakaipanda yote pamoja kwenye chungu kimoja chenye vipande vidogo vya magome ya mti na mkaa. Juu wakafunika kwa kifuniko cha keki, kile cha plastiki kinachoonyesha ndani. Katika nyumba nzima, mahali penye unyevu na mwanga usiochoma palikuwa bafuni tu.

Tangu hapo mume wangu akawa mtu wa kuamka na jambo. Anakinga maji ya mvua, eti ya bomba yana chumvi. Anainua kifuniko, ananusa, anafunika. Siku moja akarudi nyumbani na miwani puani, hajaniaga wala nini. Kisa? Haoni mizizi vizuri. Nikaingia jikoni nikacheka peke yangu kwa furaha.

Furaha hiyo ndiyo iliyonitia kiherehere. Miezi ikapita, na asubuhi moja alipokwenda kliniki niliingia bafuni nikaitazama miche ilivyobanana, jani juu ya jani, nikaionea huruma. Nani atanenepa amebanwa namna hii? Mimi nguo ikimbana mtu naachia mshono. Nikachukua vikopo vya mtindi, nikavitoboa chini, nikaitenganisha miche mmoja mmoja, kila mmoja na chumba chake. Mizizi mingine ilikatika, nikajiambia itaota mingine. Nikavipanga vikopo dirishani, nikasimama mikono kiunoni nasubiri kusifiwa.

Breki akarudi, akaingia bafuni, akavihesabu vikopo. Akatoka akampigia binti yetu simu, na sauti ya mtoto niliisikia mpaka nilipokuwa.

"Mama amefanya nini? Jamani! Zikiwa changa hivyo zinapenda kusongamana, ukiziweka moja moja zinadumaa. Zirudisheni leo leo!"

Tukairudisha, mimi nashika, yeye anafukia. Baada ya wiki ikaanza kuoza. Leo mmoja, kesho kutwa mwingine, shina linageuka kahawia, ukiligusa linabaki mkononi. Breki anaung'oa, anautupa, ananawa, anakwenda kukaa kwenye kiti chake. Hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. Afadhali angefoka. Nikamwona anarudi kulekule kwa mizigo iliyofungwa, na aliyemrudisha ni mimi. Nililia juu ya cherehani mpaka nikalowesha kitambaa cha watu.

Mwishowe nilichoka kusubiri. Nikamfuata bafuni, nikamkuta ameinama juu ya chungu. Miche iliyobaki haikufika hata nusu.

"Sema tu tuitupe, yaishe," nikamwambia.

Akageuka. Uso ulikuwa umemwiva.

"Tuitupe? Bibi wewe, una wazimu?" Ilikuwa sauti yake ya barabarani, ambayo sikuwa nimeisikia tangu augue, mpaka vigae vikaitikia. "Hii iliyobaki imeshika! Tazama hapa, jani jipya. Unaliona? Huwezi kuliona, kwa sababu hutulii! Mimi nilikuwa nimepiga hesabu zangu, miaka sita, nimekubaliana na moyo wangu na vidonge vyangu, wewe ukaingia na vikopo vyako, ukanirudisha nyuma mwaka mzima! Sasa itabidi iwe saba. Na hapo bado sijatoa mbegu, maana nataka nipande chupa yangu mwenyewe, na hiyo nayo ina miaka yake sita. Unajua umenifikisha wapi? Themanini! Mtu mwenye moyo mbovu, umenifikisha themanini!"

Nikakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Machozi yananitoka na kicheko kinanitoka, sijui kipi kilitangulia.

"Sasa unacheka nini?" akafoka.

"Hakuna," nikamwambia. "Endelea kunigombeza, baba. Endelea."