Shauri la Kompyuta ya Mama Mkwe

Kompyuta nyingine za nyumba ya fundi miwani zilihamia mfumo huria, ule usiomilikiwa na kampuni yoyote, bila upinzani. Ya kwake mwenyewe ilihama kwa hiari. Ya mkewe ilihama mkewe akiwa sokoni, naye aliporudi alisema tu kwamba rangi ya skrini imependeza. Iliyobaki ilikuwa ya mama mkwe, na mama mkwe alikuwa hakimu mstaafu, mtu ambaye kustaafu kulimwondolea mahakama bila kumwondolea uhakimu.

Mashine yenyewe ilikuwa mahututi. Kampuni iliyotengeneza mfumo wake wa zamani ilikuwa imetangaza kwamba haitauhudumia tena, na tangu hapo iliwaka kwa kusitasita, kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi dhidi ya ndugu yake. Ndani yake mama mkwe alikuwa akiandika kitabu. Alizipitia upya kesi zake zote na kuzitolea hukumu mara ya pili, kwa kuwa zile za mara ya kwanza, kwa maneno yake, zilitolewa kwa pupa.

Fundi miwani hakuwa na ugomvi na kitabu. Kilichomnyima usingizi ni kumbukumbu ya wiki ile kibodi ilipogoma. Mama mkwe alimwita sebuleni, akamkabidhi kalamu, na kila jioni akamtamkia kitabu pamoja na mikato na nukta zake. Kesi ilipofikia mahojiano, alimtaka asimame awe mshtakiwa, ili yeye apate kuikumbuka sura. Katika wiki hiyo fundi miwani alikiri wizi wa mabati, kughushi hati ya kiwanja na kumtukana askari. Alipofungwa kwa ajili ya mabati, mkewe alimletea chai kwa huzuni isiyo ya mzaha. Kompyuta ikifa, jioni zake zote zilizobaki duniani zingekwenda hivyo.

"Mama," alimwambia, akisimama mbali kidogo kwa adabu ya mkwe, "naomba nikuwekee mfumo mpya. Mashine itakuwa nyepesi, na wala haulipiwi. Ni bure."

Mama mkwe alivua miwani, ambayo mkwe huyohuyo ndiye aliyemsagia lenzi zake. "Bure," alisema. "Unajua nimewafunga watu wangapi kwa neno hilo?"

"Ni mfumo huria, mama. Kila mtu anaruhusiwa kuutumia, kuuchunguza, kuubadilisha na kumgawia mwenzake."

"Hayo utayaeleza mbele ya mahakama. Jumamosi, baada ya chakula cha mchana."

Jumamosi sebule ilipangwa upya. Meza ya kulia ilisukumwa hadi dirishani, na kompyuta ikawekwa juu yake kama kielelezo. Mke wa fundi miwani aliteuliwa karani. Fundi bomba wa ghorofa ya chini, aliyekuja kurudisha ngazi, aliamriwa aketi. Alikuwa sasa mzee wa baraza, wa kumshauri hakimu.

"Nani ametengeneza kitu hiki?" mama mkwe aliuliza.

"Watu wengi, mama. Wamejitolea, kila mmoja alipo."

"Majina yao?"

"Wengine wanatumia lakabu."

"Wanalipwa nini?"

"Wengi wao hawalipwi kitu."

"Karani, andika. Bwana huyu anataka kuingiza ndani ya mashine ya mjane kundi la watu wasiofahamika, wasiolipwa, wenye lakabu." Alimgeukia fundi bomba. "Mzee wa baraza una maoni?"

"Mimi nimeleta ngazi tu, mama."

"Yameandikwa."

"Si ulisema ni kubofya mara moja tu?" mkewe alimnong'oneza fundi miwani bila kuinua kalamu.

"Karani hazungumzi na upande wowote," mama mkwe alisema. "Tumsikilize na yule wa zamani. Sihukumu mtu nyuma ya mgongo wake."

Kompyuta iliwashwa. Mfumo wa zamani ulitafakari kwa kirefu, kisha ukaandika katikati ya skrini: *Tafadhali subiri. Usizime kompyuta.* Mahakama ilisubiri. Fundi bomba alisinzia, akaamka, akauliza kama imekwisha, akaambiwa bado. Maneno hayakubadilika.

"Shahidi amekataa kujibu na bado anaiamrisha mahakama," mama mkwe alisema. "Ninamtia hatiani kwa dharau. Mzimeni."

Ikabaki leseni ya mfumo mpya. Maandishi ya namna hiyo huandikwa ili yakubaliwe, si ili yasomwe, na haielekei kwamba walioyaandika walitarajia siku moja kukutana na msomaji. Mama mkwe alikuwa amemwamuru karani ayachape, naye akayasoma yote kwa sauti, akirudia vifungu vilivyomfurahisha. Alipofika mahali palipoandikwa kwamba programu hii inatolewa bila udhamini wa aina yoyote, na kwamba madhara yake ni juu ya mtumiaji mwenyewe, aliziweka karatasi mezani. Fundi miwani aliitazama kalamu iliyokuwa mkononi mwa karani. Alikuwa ameyaona mabati tena.

"Miaka yote niliyokaa kwenye kiti," mama mkwe alisema hatimaye, "kila aliyesimama mbele yangu aliapa kwamba yeye ni mwema. Huyu ndiye wa kwanza kuingia na kutangaza mapema kwamba asiaminiwe. Mahakama imemwamini. Mfumo uwekwe."

Fundi miwani alipumua.

"Kwa sharti," mama mkwe aliendelea. "Mwenyewe amekiri kwamba hana wa kumdhamini. Kwa hiyo mahakama inamteua aliyemleta kuwa mdhamini wake. Atakaa kando ya mashine kila jioni, muda wote nitakapokuwa naandika, na likizuka lolote atajibu yeye."

"Mama, rufaa..."

"Ni haki yako. Rufaa nasikiliza mimi."

Mfumo uliwekwa siku hiyohiyo, na ulifanya kazi vizuri kupita kiasi. Mashine iliwaka upesi, faili zote zilikuwepo, na mama mkwe aliandika kwa kasi ambayo haijapata kuonekana. Hakuhitaji mtu wa kumwandikia, wala wa kusimama kizimbani. Alihitaji mdhamini tu. Fundi miwani alikaa kando yake jioni baada ya jioni, mikono magotini. Gazeti alikatazwa, kwa sababu mdhamini asomaye gazeti hadhamini kitu. Alianza kuitazama mashine kama mtu anayesubiri basi, akitamani walau herufi moja ijikwae. Haikujikwaa.

Hatimaye alikata rufaa.

"Mama, tangu uwekwe mfumo huu haujaleta matata hata siku moja. Naomba niondolewe udhamini."

"Haujaleta matata," mama mkwe alisema, bila kuacha kuandika, "kwa sababu mdhamini yupo."

Fundi miwani, ambaye kazi yake ilikuwa kutafuta mikwaruzo isiyoonekana kwa macho, aliikagua hoja hiyo kwa muda mrefu, akaigeuza upande huu na upande ule. Hakuona mkwaruzo.

"Na usogee huko," mama mkwe aliongeza. "Unanizibia mwanga."