Milango Arobaini na Mmoja

"Chokaa inaganda, Mama Raudha. Nipake, nisipake?" aliuliza fundi Adinani, ndoo mkononi.

"Paka!" nilimjibu.

"Basi anipake na mimi," alisema Domitila. Alisimama mbele ya ukuta, mikono ameitanua.

Domitila ni mpangaji wangu hapa Nachingwea. Alivuka Ruvuma akikimbia vita Msumbiji. Aliponiomba kuchora ukuta wa uani, unaoonekana kutoka njiani, nilidhani maua. Kumbe alichora kijiji chao kizima kwa udongo: njia, kisima, nyumba arobaini na moja. Mlango mweupe, wenyewe wako hai. Mlango wa masizi, wameuawa. Usio na rangi, Domitila hajui yaliyowapata.

"Jumamosi wakwe wanatoka Ruangwa kuleta posa ya binti yangu," nilimwambia. "Niwakalishe mbele ya milango ya marehemu? Nuksi hiyo!"

"Waliotuchomea wanasema pale palikuwa pori tu, hapakuwa na watu. Siku tukiulizwa, nitaonyesha nini, mama? Picha zote zimeungua."

"Chora kwenye daftari."

"Nani atapita njiani akaliona daftari?"

"Mkimaliza bunge lenu mniite," alisema Adinani.

Hapo akaingia mwanamume na baiskeli, vumbi hadi kwenye nyusi. Alisema anaitwa Eustakio, kibarua wa ufuta kule Chinongwe, na kwamba amesikia habari za ukuta huu sokoni Ruangwa. Aliweka kidole kwenye kisima cha ukutani, akaifuata njia pole pole, huku miguu nayo ikitembea kandokando ya ukuta. Mahali fulani akanyanyua mguu juu.

"Kuna mzizi hapa," alisema.

"Upo," alijibu Domitila.

Kidole kilisimama kwenye nyumba yenye kizingiti kilichopasuka. Mlango wake haukuwa na rangi.

"Mtwangio wa mama ndio uliopasua hiki. Umejuaje?" aliuliza Eustakio.

"Nilikuwa nakuja kuomba chumvi." Sasa Domitila alimtazama usoni. "Mtoto wa Brigita! Umekonda hivi?"

"Nimekonda, ila nipo. Mama pia yupo, yuko Chinongwe. Miguu tu haimbebi."

Domitila alikaa chini pale pale.

Mimi nina stashahada ya kilimo, naamini ninachokipima. Lakini hili halipimiki. Udongo na vidole vya mwanamke mmoja, na mtu amefika kwao akiwa uani kwangu! Wiki tatu nilikuwa naanika nguo mbele ya ukuta ule, sikuwa nimeuona.

Domitila alifungua kopo lake la udongo mweupe. Akakwangua kwa kucha. Lilikuwa tupu.

"Adinani, lete ndoo," nilisema.

"Ndiyo nipake sasa?"

"Wewe utapaka choo. Brashi nipe mimi."

"Na wakwe je?"

"Watakaa hapa hapa. Wakiuliza, wataelezwa."

Nikaichovya brashi kwenye chokaa, nikampa Eustakio, nikamshikia ndoo mpaka mlango wa kwao ukawa mweupe wote.