Mawe, Si Magamba

Kipaza sauti cha uwanjani kilikuwa kikiyameza mahubiri tangu asubuhi. Kila mchungaji alipofungua kinywa, upepo wa ziwani ulileta sauti ya Maroa, mtangazaji wa maonyesho, akisifu mahindi ya Rangwe au asali ya Lambwe, na watoto wa viti vya nyuma wakaziba midomo wasicheke. Nyanchoka hakuwa na kicheko. Alikaa kati ya ukuta na shangazi yake Orpah, Biblia imefunguka mapajani, masikio yote mawili yako nje. Alijua kwamba baada ya mahindi na asali wangefika kwenye meza za akina mama, na juu ya mojawapo ilikuwapo shali yake.

"Na sasa, mabibi na mabwana, kazi iliyozishinda zote!" Sauti ya Maroa iliingia kwa madirisha yote kwa pamoja. "Shali ya Magamba ya Samaki! Nani aliyeibuni? Nani aliyeifuma? Ni dada yetu Leonida kutoka Migori! Mpigieni makofi! Tazameni, hata mdomo wa samaki ameuweka. Unapitisha ncha hii hapa, samaki anameza, shali imefungika bila pini. Wanawake wana akili, jamani!"

Makofi yalivuma kule uwanjani. Kanisani mchungaji alisema "Tufungue," na kurasa zikachakarika. Nyanchoka hakufungua kitu.

Magamba. Leonida.

Ijumaa, jua likielekea kuzama, alikuwa amepanga vitu vyake juu ya ile meza kwa mikono yake mwenyewe. Kulikuwa na kofia ya rangi ya majivu yenye madoa meupe, aliyoibuni kwa kuwatazama ndege kanga wa vichaka vya Lambwe. Kulikuwa na glavu za kijani zilizoachwa wazi vidoleni, zenye vishungi vilivyofumwa kama vya mafunjo ya ziwani mgongoni mwa mkono, kwa ajili ya wachuma chai wa Kisii ambao alfajiri mikono huwafa ganzi. Na kulikuwa na shali. Sharti la maonyesho lilikuwa moja tu: mwenye kazi asimame kando ya kazi yake awajibu waamuzi. Lakini waamuzi wangepita Jumamosi, na Nyanchoka alikuwa Msabato, mtoto wa Wasabato; Sabato yao ilianza jua la Ijumaa likizama, na siku hiyo hakusimama kwenye meza ya biashara wala ya mashindano. Ndipo Leonida, aliyekuwa akifundisha naye ufumaji kwa akina mama wa Migori, Mkatoliki ambaye ibada yake ilikuwa Jumapili, alipomshika mkono.

"Nyaminwa," alimwambia, kama anavyomwita dada wa damu, "nenda ukasali. Mimi niko hapa. Nitasimama kwa niaba yako, niseme kila kitu kama unavyosema wewe."

"Utawaambia ni ukuta?"

"Nitawaambia ni ukuta, jiwe kwa jiwe. Nenda bwana, jua linakuacha!"

Mshindi angepewa kazi ya kuongoza karakana mpya ya ufumaji hapo Homa Bay, na duka moja kubwa la Nairobi lingeuza vitu hivyo vikiwa na jina la kazi na jina la aliyeibuni. Nyanchoka aliitaka karakana, hakuficha. Lakini alichokitaka zaidi, hata akakiombea usiku, ni kwamba mtu wa mbali aishike ile shali na kuambiwa: haya ni mawe ya kwetu.

Kwa sababu chuoni walimfundisha kufuma maua ya waridi na chembe za theluji kutoka vijitabu vya Uingereza. Alifuma theluji mpaka akaichoka, yeye ambaye barafu aliijua ya kwenye makreti ya samaki tu. Kisha likizo moja alimtembelea mjomba wake aliyewauzia nguo wachimba dhahabu wa Macalder, na huko akapelekwa kuziona kuta za zamani. Zilikuwa kuta za mawe matupu, nyingine zimempita mtu kimo, zilizojengwa na watu wa kale ambao kila aliyeulizwa aliwataja kwa jina tofauti. Hapakuwa na udongo kati ya jiwe na jiwe, wala saruji. Kubwa limeshikwa na dogo, dogo limebanwa na la pembeni, na mlango wake mfupi, hata mwenye kiburi huingia ameinama. Nyanchoka alishinda pale akiyapapasa mawe kama mtu anayemtafutia mtoto mahali panapouma. Aliporudi Migori alifuma, akafumua, akafuma tena, hadi sindano zikakubali: vitanzi vya jiwe la kijivu viliokotwa ubavuni mwa jiwe la hudhurungi, kipande kikashika kipande, pasipo mshono wa kuviunganisha. Upande mmoja aliacha tundu dogo, ule mlango mfupi, ambamo ncha ya pili ilipita na kukaza.

Huo mlango sasa ulikuwa mdomo wa samaki.

Nyanchoka alisimama. Shangazi Orpah akaukamata upindo wa gauni lake.

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi keti. Watu wanatazama."

"Wacha watazame, shangazi."

Orpah alishtuka akaachia. Huyu ndiye msichana aliyekuwa akiomba chumvi mezani kwa macho. Nyanchoka alipita kati ya viti, viatu vikigonga saruji. Mlangoni mzee Monari, mzee wa kanisa, alinyoosha mkono kama kizuizi.

"Dada Nyanchoka, maombi bado."

"Nimesikia, mzee," akasema, akapita chini ya mkono ule.

Uwanjani meza za akina mama zilikuwa chini ya maturubai. Mgeni wa heshima, mke wa afisa mkubwa kutoka Nairobi, alikuwa ameivaa shali begani huku jasho likimtoka, akipigwa picha. Leonida alisimama kando yake, utepe wa mshindi kifuani. Alipomwona Nyanchoka akija bila hata kitambaa kichwani, tabasamu lilimganda usoni.

"Hayo si magamba," Nyanchoka alisema. Sauti ilitoka ndogo. Akairudia, na mara ya pili ilitoka kubwa kuliko alivyoitaka. "Hayo ni mawe! Na shali hiyo nimeifuma mimi!"

Mpiga picha alishusha kamera. Maroa, kipaza sauti mkononi, aliona burudani imejileta yenyewe.

"Mabibi na mabwana, tumepata mgeni! Dada, wewe si wale wa Sabato? Leo si mnapumzika? Ama shali imekuamsha?"

Uwanja ukaangua kicheko. Siku nyingine kicheko kama hicho kingemrudisha Nyanchoka nyumbani mbio, akajifungie. Siku hiyo kilimwingia kama pilipili.

"Nipe hicho kipaza sauti."

"Hiki ni cha serikali, dada."

"Basi serikali isikie bila kipaza sauti. Leonida, waambie."

Leonida alimvuta pembeni ya meza, akanong'ona haraka haraka. "Nyaminwa, nisikilize kwanza. Walipofika niliwaambia ni ukuta wa mawe. Haki ya Mungu niliwaambia. Huyo mama akauliza, 'Mawe shingoni mwa mwanamke? Amekosa nini?' Wote wakacheka. Wakaanza kuondoka! Nikaona tumekwisha. Nikasema samaki. Wakarudi."

"Na jina langu?"

"Walisema mwakilishi hakubaliki; mwenye kazi asipokuwapo, kazi inaondolewa mezani. Ningefanya nini?"

"Ungeiacha iondolewe!"

"Hivyo tu? Kazi yote ile?"

"Ingeondolewa ikiwa yangu. Ingeondolewa ikiwa ukuta. Ulikuja kwangu Ijumaa ukanisukuma niende kanisani. Ukaniambia jua linaniacha. Mimi nimekaa pale nikikuombea, Leonida! Nakuombea usichanganyikiwe mbele ya waamuzi, nawe unaniuza kwa samaki."

Mwamuzi mmoja, bwana mwenye miwani, alisogea. Alieleza kwa upole wa ofisini kwamba masharti yalisomwa kwa wote, kwamba aliyesimama kando ya kazi ndiye aliyetambuliwa, na kwamba matokeo yakishatangazwa hayarudi nyuma. Mgeni wa heshima naye akaingilia kati, akitabasamu kama anayewaamua watoto waliogombea kijiko.

"Jamani, siku ni njema, tusiiharibu. Leonida ataongoza karakana, na wewe binti utakuwa msaidizi wake. Mtafanya kazi pamoja kama mlivyozoea. Wewe ni mtu wa kanisa, si ndiyo? Msamehe dada yako, tumalize."

Watu wakaitikia kwa minong'ono: ndiyo, amsamehe, yaishe. Nyanchoka alizitazama zile nyuso. Zilikuwa nyuso za watu wema. Tangu utoto watu wema walikuwa wakimwendea hivyo. Mpole ndiye aachie kiti, mpole ndiye anyamaze ili wenye kelele wasiaibike, na akishanyamaza wamsifu kwa malezi. Alielewa pale, chini ya turubai, kwamba hakuna hata mmoja aliyemwuliza Leonida kama anataka kusamehewa. Walimtaka yeye tu afanye haraka.

"Sitakuwa msaidizi wa mtu katika kazi yangu mwenyewe," alisema. "Karakana kaeni nayo. Utepe kaeni nao. Mama, naomba shali yangu."

Hapo hata Maroa alishusha kipaza sauti.

"Unaniomba nivue?" aliuliza mgeni wa heshima.

"Ndiyo, mama."

Yule mama aliivuta ncha kwa nguvu, ikakaza. Akaivuta tena, na vitanzi vikaanza kulalamika. Nyanchoka alimsogelea. Alikuwa na hasira hata hakuona vizuri, lakini vidole vyake vilikwenda taratibu, vikalegeza ncha pale mlangoni, vikairudisha ilikotoka, bila kugusa hata hereni za mama huyo.

"Nilikuwa nimeipenda," mgeni alisema, sasa bila tabasamu.

"Ulipenda samaki, mama. Hii siyo."

Akachukua kofia, akachukua glavu, akavifunga vyote ndani ya shali. Bwana mwenye miwani alianza kusema kwamba vitu vilivyoshinda hubaki ofisini, ila hakuna aliyenyoosha mkono kuvishika. Alipofika kwenye lango la uwanja alisikia miguu ikikimbia nyuma yake.

"Nyanchoka! Ngoja!" Leonida alikuwa akihema. Utepe ulikuwa umegeuka mgongoni. "Jumatatu wanataka nianze. Umewachukulia kila kitu. Nitawafundisha nini wale wanawake?"

"Samaki. Ziwa si hilo hapo? Limejaa."

"Usinifanyie hivyo."

"Nani anamfanyia nani?"

Leonida alianza kulia, kilio cha kweli kisichojali watu, na mkono wa Nyanchoka ukanyanyuka wenyewe kumwendea, kwa mazoea. Aliuona ukinyanyuka. Akaurudisha kwenye furushi akaubana hapo.

"Siwezi kuufuma ule ukuta bila wewe," Leonida alisema. "Hata yale mawe sijawahi kuyaona."

Neno hilo lilimchoma kuliko la Maroa. Mara ngapi alikuwa amemwalika Macalder, na mara ngapi Leonida alicheka, akasema hana safari ya kwenda kutazama boma bovu! Alimsimulia ukuta ule wakati wakisokota uzi, wakati wakipika chai, hata akaona haya kuusema tena.

"Yapo," Nyanchoka alisema. "Hayajafungiwa ofisini. Nenda ukayatazame, ukae nayo mpaka yakuchoshe. Ukirudi ufume utakachokiona wewe, ukiite jina unalotaka, ukisimamie. Changu usikiguse tena."

Akamwacha pale.

Ibada ilikuwa imekwisha, na waumini walikuwa wakishuka barabarani kwa mafungu, miavuli imefunguliwa dhidi ya jua. Wakamwona akipanda kutoka upande wa uwanja, peke yake, furushi begani, nyuzi za sufu zikining'inia. Mazungumzo yalikatika fungu baada ya fungu. Mzee Monari alitoka mbele ya wenzake.

"Dada Nyanchoka. Leo ni Sabato, na umebeba kazi."

"Ndiyo, mzee. Nimeibeba."

"Kamati ya kanisa itataka maelezo."

"Waniite," alisema. "Safari hii nitaeleza mwenyewe."

Akahamishia furushi bega la pili na kuendelea kupanda mlima. Nyuma yake hakuna aliyethubutu kumwambia akae.