Moyo Wangu Hauna Adabu

Mimi Sofia nauza mitumba Mchikichini, mwaka wa kumi na moja huu. Mtu akinionyesha kazi yake namwambia nzuri, hata kama mbaya. Utamwambiaje mtoto wa watu usoni?

Basi Akash, mtoto wa Mzee Praful muuza vitambaa wa Kariakoo, aliponiletea gemu ya simu aliyoitengeneza mwenyewe, nilicheza nikasema, "Nzuri sana, hongera!"

"Kila mtu anasema hivyohivyo, dada Sofia," akanuna. "Jumamosi naipeleka kwenye mashindano. Nikishindwa, baba kasema narudi dukani kupima vitambaa, habari ya gemu ndiyo imeisha."

Akanivalisha vidude viwili vidoleni, vina waya hadi kwenye kompyuta yake. Kimoja kinasoma mapigo ya moyo, kingine jasho la kidole. Nikacheza tena. Gari linakimbia, linaruka mashimo, linakimbia. Mstari kwenye kompyuta umelala kimya. Jamani, niliona aibu! Mdomo unasifia, moyo unaniumbua.

Ghafla mstari ukaruka juu.

"Hapo!" Akash akapiga kelele. "Umefurahia nini hapo?"

"Gari," nikasema. Uongo mtupu. Jirani yangu Leticia alikuwa anakata mikanda ya belo jipya la mitumba. Belo hulifungui kabla ya kununua. Ukilikata unaweza kukuta magauni ya maana, au suruali zilizochanika tupu, na mtaji wako wote umo humo. Miaka yote hii sijazoea, hata belo likiwa si langu.

Nikamwangalia yule kijana, roho ikaniuma. "Mdogo wangu, nisamehe. Gemu yako inanisinzisha. Moyo ulimwendea Leticia na belo lake."

Akageukia kompyuta yake. Nikajua nimemliza, nikajilaani na mdomo wangu. Kumbe anawaza.

"Dada, belo linafungwaje?" akauliza. Hapo hakubanduka mpaka tunafunga biashara, maswali tu.

Ijumaa mchana akarudi, baba yake nyuma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kanitoa dukani wateja wamejaa," Mzee Praful akalalamika, huku anavalishwa vidude.

Safari hii kwenye gemu hakuna gari. Kuna belo limekazwa mikanda, na mkasi. Mzee akakata mkanda wa kwanza, akakata wa pili. Akasita. Akakata wa mwisho.

Suruali zilizochanika, rundo zima.

"Upuuzi," akasema, uso mkavu. "Upuuzi mtupu."

Mstari ulikuwa umepanda mpaka juu kabisa ya kioo. Akash kauona, mimi nimeuona, na wote tukafunga midomo. Nilitamani kupiga vigelegele soko zima lisikie.

Akash akanyoosha mkono amvue vidude. Mzee akaurudisha wake nyuma.

"We, ngoja kwanza," akasema. "Lete belo lingine."