Mnada wa Vifaa vya Leland

Mimi mdomo wangu hauna breki, nasema mapema ili mtu asije akashangaa. Ijumaa ile Tobias, msimamizi wa stoo za kukodi hapa Saginaw, Michigan, alinipigia simu nikiwa bado napiga mswaki.

"Dada Corrine, stoo ya Leland inapigwa mnada leo asubuhi. Nimeona nikuambie."

"Mnada gani tena? Si inalipwa na kadi yangu kila mwezi?"

"Kadi imekataa miezi mitatu. Barua tumemtumia mpangaji."

Mpangaji! Mpangaji ni mdogo wangu Leland, na Leland yuko jela. Barua zilikuwa zinakwenda kwenye nyumba ambayo haishi. Kadi nayo, benki walinibadilishia namba wakati wa Krismasi baada ya wezi wa mtandaoni kuichezea, na hakuna aliyenitamkia kwamba malipo ya kila mwezi hayahami na namba mpya. Na Jumatatu ndiyo Leland anatoka. Kuna karakana imekubali kumpa kazi ya kuchomelea vyuma, kwa sharti kwamba aje na vifaa vyake mwenyewe. Asipopata kazi, ofisa anayemsimamia atamrudisha ndani. Vifaa vyote vilikuwa kwenye stoo ile, nyuma ya magodoro.

Nilifika na koti juu ya nguo za kulalia. Wanunuzi walikuwa wamejaa kwenye korido ya ofisi wakinywa kahawa ya bure. Katikati yao alisimama Verl, mzee anayeishi kwa kuuza vitu vya watu walioshindwa kulipa stoo.

"Deni ni dola mia tatu themanini," Tobias alisema. "Pamoja na faini na gharama ya kukata kufuli."

"Kufuli mkate nyie, gharama nilipe mimi?"

"Dada, ukilipa kabla mlango haujafunguliwa, mnada haupo. Ukifunguliwa, sina la kufanya."

"Haya, kata kwenye kadi. Ina mia nne na thelathini."

"Kwa kadi kuna nyongeza ya asilimia tatu."

"Mungu wangu! Kata basi!"

Mashine ikalia. Imekataliwa. Tobias akajaribu tena, ikakataa tena. Nikapiga simu benki na kuweka sauti ya nje, ili Tobias asikie kwamba siongopi.

"Mama, jana tumekata ada ya mwaka, dola tisini na tano," dada wa benki alisema kwa sauti ya asali. "Umebakiwa na mia tatu thelathini na tano."

"Ada ya nini? Mliniambia kadi ni ya bure!"

"Mwaka wa kwanza ndio bure, mama. Naelewa unavyojisikia."

"Huelewi kitu wewe! Hapa kuna stoo inauzwa! Nyuma ya magodoro mle ndani kuna mashine ya kuchomelea ya dola elfu tatu, ya mdogo wangu, ndiyo maisha yake yote, na nyie mnamuua kwa dola tisini na tano! Futa hiyo ada! Futa sasa hivi!"

Nilipiga kelele mpaka koo likauma. Dada akaniweka nisubiri, muziki ukacheza, akarudi.

"Nimeifuta, mama. Salio litarekebishwa kufikia kesho."

"Kesho? Mnada ni sasa!"

"Samahani kwa usumbufu."

Nikakata. Kwenye pochi nilikuwa na mia na arobaini taslimu. Tobias akasema mfumo wao haupokei nusu taslimu nusu kadi, deni lote lazima lilipwe kwa njia moja, kisha akaniinamia na kunong'ona.

"Aliyekatazwa kununua ni mpangaji. Wewe siye. Watu wanachungulia kutoka mlangoni tu, hakuna anayeruhusiwa kuingia. Mnada ni taslimu tu, na magodoro yale hayafiki hata hamsini. Wewe nyamaza tu."

Moyo ukatulia. Nikawafuata wanunuzi. Mnadishaji akainua mlango, tochi zikamulika: magodoro mawili, mti wa Krismasi wa plastiki, mabegi ya mpira wa magongo. Mwanamke mmoja akacheka, "Takataka tupu," akaondoka zake.

"Kumi!"

"Ishirini," nikasema, nikijifanya sijali.

"Arobaini," akasema Verl.

Nikasema sitini. Akasema themanini. Wengine wakamshangaa, mzee kachanganyikiwa nini? Mia. Mia na ishirini. Nikataja mia na arobaini, taslimu yangu yote.

"Mia na hamsini," Verl akasema, akanigeukia. "Mashine ya elfu tatu, dada. Umetangaza mwenyewe, korido nzima tumekusikia."

Ikauzwa.

Nilikaa chini pale pale kwenye saruji, nikalia, sioni haya kusema. Simu ikatetemeka mfukoni. Benki: ada yako imerudishwa, asante kwa uvumilivu wako. Kesho yao ilikuwa imefika, mlango ukiwa umeshafunguliwa.

Nikamfuata Verl. "Unaniuzia vifaa kwa bei gani?"

"Mia sita."

"Huna hata aibu, mzee?"

"Mia tano, kwa sababu umelia. Mjini ningepata elfu."

Nikampa mia na arobaini yote. Kwa iliyobaki akatoa kimashine kidogo cha kusomea kadi, cha kuchomeka kwenye simu.

"Kwa kadi kuna asilimia tatu," akasema.

Safari hii ikakubali. Verl akanisaidia kupakia kwenye gari, akafunga na kamba vizuri.

Jumatatu Leland alifungua mlango wa nyuma wa gari kabla hata hajanikumbatia. Akaipapasa ile mashine, macho yakamjaa machozi.

"Hawakukusumbua kule stoo, dada?"

Nilikuwa na maneno ya kumwagia Michigan nzima. Nikafunga mdomo. Laiti ningeufunga Ijumaa.