Pike Ndogo za Muamba

Wewe, umekwisha kuona watu wanacheza karata juu ya sanduku la safari, nyumba imebaki tupu, hata misumari ya picha imeng'olewa ukutani? Ndivyo ilivyokuwa kwa Godelieve, kule Kapata, mtaa wa Kolwezi, mwaka wa tisini na tatu, wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga.

Mumewe, Muamba, alizaliwa palepale Kolwezi. Kasai aliijua kwa masimulizi ya baba yake tu. Hata hivyo vijana walipita nyumba kwa nyumba wakimwambia arudi kwao. Kazi yake ya ofisini ilikuwa imekufa, vitanda vimeuzwa kwa bei ya bure, na kesho yake asubuhi angekwenda gare, kwenye kituo cha treni, alale nje na wenzake mpaka treni ipatikane. Godelieve, yeye, alikuwa Mkatanga. Basi Muamba aliamua peke yake: mke abaki hapohapo Kolwezi, mtaa wa Manika, kwa kaka yake mkubwa Banza, aliyemwita yaya.

"Njiani batu banakufa, mama Tina," alisema, akimwita kwa jina la binti yao aliyeolewa Kalemie. "Na kule hauna mutu."

Hakumuuliza. Godelieve akafunga nguo zake ndani ya kitenge chenye picha za majani ya kijani, akaweka furushi mlangoni, akanyamaza. Alitaka aulizwe.

Alasiri Banza akaja kumchukua, pamoja na mkewe Fidélie, aliyebeba bukari, yaani ugali, na samaki kwenye sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Walikula. Walipomaliza, hakuna aliyetaka kusimama wa kwanza. Muamba akatoa karata mfukoni, zile zilizolainika pembeni kama kitambaa.

"Bridge," akasema. "Mara ya mwisho."

Mchezo huo alifundishwa zamani na mkubwa wake wa ofisi, siku mchezaji wa nne alipokosekana. Naye akamfundisha mkewe mwaka wao wa kwanza wa ndoa, polepole, kwa kuhesabia punje za mahindi. Wawili wanacheza dhidi ya wawili, na hapa mume na mke walikuwa upande mmoja. Rangi moja ya karata inafanywa atu, yaani inazikata zingine zote. Kila mzunguko wanne wanatoa karata mojamoja, na iliyo kubwa inakula; mmoja anaahidi upande wake utakula mara ngapi. Mwenzake analaza karata zake wazi mezani, na tangu hapo anaitwa mufu: hasemi neno wala hagusi kitu, karata zake anazicheza mwenzake.

Siku ile atu ilikuwa pike, zile nyeusi zenye kimkia. Muamba aliahidi kula mara nane. Banza akaanza na karo, zile nyekundu za pembe nne. Godelieve akalaza karata zake juu ya sanduku: pike tatu tu, zote ndogo. Mumewe alikuwa na nne, na kubwa yake malkia.

Fidélie akacheka. "Shemeji! Na hizo pike za njaa, unaahidi nane?"

Godelieve hakuwa na wasiwasi. Mara ngapi alimsikia Muamba akifundisha, kidole juu? Atu zikiwa dhaifu, usizitoe pamoja. Kula kwanza ase zako, zile karata kubwa kuliko zote, za rangi nyingine, kabla watu hawajapata nafasi ya kuzikata. Kisha atu za mkono huu zikate huku, za mkono ule zikate kule, mojamoja, na hapo hata iliyo ndogo kabisa itakula. Ukizitoa pamoja, mbili zako zinaanguka kwa mara moja. Kosa hilo Banza aliwahi kulifanya, na Muamba alimkaripia mpaka wakanuniana.

Karo ya Banza ilikuwa bado juu ya sanduku. Ase ya Godelieve ikaila. Sasa zamu ilikuwa ya Muamba kuchagua. Alizitazama karata za mkewe kwa muda mrefu, akanyoosha moja iliyokaa upande, kama mtu anayemtengenezea mtoto kola ya shati. Halafu akavuta pike ya Godelieve, akaweka malkia wake mwenyewe juu yake.

Godelieve akajiuma mdomo. Banza akala kwa mfalme, akarudisha pike, akarudisha tena. Mara tatu pike ya mke na pike ya mume zikaanguka pamoja, na upande wa Godelieve hapakubaki hata moja.

"Shemeji, unagonjwa?" Banza akauliza kwa sauti ya chini. "Hii njo ulikuwa unanikatazaka mi."

"Mukono ilienda yenyewe," Muamba akasema.

"Tata Tina," Godelieve akamwita mumewe.

"Eh! Mufu anasema!" Fidélie akaruka.

"Mufu amechoka kunyamaza."

Akasimama, akaenda mlangoni, akachukua furushi lake. Akarudi akalitua juu ya sanduku la mumewe, juu ya karata zilezile. Fidélie alifungua mdomo atanie tena, Banza akamgusa mkono.

"Sasa hivi nilikuona ukizitoa pamoja, pike zako na zangu," Godelieve akasema. "Kila siku unaniambia nikae. Haukuniuliza, na haukuniambia roho yako inataka nini. Sema basi, yaya Banza asikie."

Muamba akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, ingawa haikuwa na vumbi.

"Naogopa njia," akasema.

"Hata mi naiogopa. Sikukuuliza ile."

Akairudisha miwani usoni, akaweka mkono wake juu ya furushi la majani ya kijani.

"Nataka twende wote, mama Tina. Tangu siku ya kwanza, mi nilitaka twende wote babili."