Cha Kusomea Njiani

Mfamasia msaidizi alikuwa na safari ya siku nzima kwa basi, na kesho yake mtihani: ule ule uliomwangusha mwaka jana kwa sababu ya vipimo vya dawa za watoto wachanga. Akianguka tena, anarudia kozi yote. Kwa hiyo hakutaka mzaha. Mumewe, seremala, alikuwa na mzaha wa kuwatosha wote wawili.

"Chukua vyote vitatu," alisema. "Kompyuta, kishikwambi, na kile kisomeo cha vitabu alichokupa kaka yako. Mimi nitakufuata nyuma na mkokoteni."

"Mkoba ni mmoja. Nachukua kimoja, na nitavijaribu kwanza."

Masomo alikwisha kuyaweka kwenye vyote. Akajaza mashuka kwenye mashine ya kufulia, pale jikoni, na ilipoanza kukamua akapanda juu yake akaketi. Mashine ilikuwa kuukuu; ikikamua inatembea. Hakuna basi ambalo lingemtikisa zaidi ya hapo.

"Abiria, fungeni mikanda," seremala akatangaza mlangoni.

"Baba watoto, nina kazi."

"Naona. Ukifika uniambie nije kukupokea."

Kompyuta haikufika mbali. Iliteleza mapajani, akaidaka kwa kidevu, ikarudishwa mezani bila rufaa. Kisomeo kilikuwa chepesi, na jua la dirishani halikukisumbua, herufi zimetulia kama za kitabu. Ila majedwali yalikatika: jina la dawa ukurasa huu, kipimo chake ukurasa unaofuata. Kwake yeye hilo halikuwa dogo.

Kishikwambi kilionyesha jedwali zima, tena kwa rangi. Kasoro yake ilikuwa binti yao, aliyekwisha kukifanya mali yake.

"Mama, kuku wangu watakufa njaa."

"Kuku gani?"

"Wa kwenye mchezo. Lazima walishwe kila siku."

"Watafunga. Haya, tokeni wote nisome."

Akasoma ukurasa wa kwanza vizuri kabisa. Kwenye wa pili, kuku akachomoza juu ya kioo akiomba mtama. Akampa ili anyamaze. Wakaja wenzake. Mwanamke anayejua kazi hawezi kuona banda linavuja akalipita, basi akaliezeka. Hakujua mashine ilinyamaza lini.

"Umefika wapi?" Seremala alikuwa amerudi mlangoni.

"Nasoma."

"Kwa sauti ya kuku?"

Akashuka, akanyoosha gauni. "Walinianza wao," alisema, akamkabidhi binti kishikwambi chake. "Chukua. Wameshiba, na nimewaongezea banda."

"Mama, umetumia mbao zangu zote?"

"Muulize baba yako, ndiye mwenye mbao."

Akachagua kisomeo, kwa kuwa hakikuwa na cha kufuga. Majedwali akaketi kuyanakili kwa mkono, kwa herufi kubwa, kwenye karatasi ngumu za kuingia mkobani. Seremala akavuta kiti amsomee majina ya dawa, akiyavunja vunja kama anayepasua kuni, huku mkewe akiyanyoosha. Karatasi ya kwanza mke alichungulia vipimo kwenye kisomeo kila mstari. Ya pili, mara moja moja.

"Hiyo hukuchungulia," seremala akasema, mzaha umemtoka.

Akaangalia kipimo alichoandika, kisha kile cha kwenye kisomeo. Vilikuwa sawa.

"Usinipotezee muda," alisema. "Soma inayofuata."